Mnada wa magari Japani kwa anayeanza: jibu kwa mleta mada mwenye milioni 14

Habari za asubuhi wakuu.

Mleta mada ameuliza hivi: ana shilingi milioni 14 za Tanzania, anataka Toyota IST, rafiki yake kamwonyesha kwenye simu kwamba IST za 2005 zinaondoka mnadani Japani kwa yeni laki na nusu hadi laki mbili, akapiga hesabu akaona watu wa yadi wanatukamua. Anataka kujua mnada wenyewe unachezwaje na mgeni anaanzia wapi. Nimeshaagiza magari manne kwa njia hii tangu 2019: mawili yangu, moja la shemeji, moja la bosi wangu wa zamani. La kwanza nilipigwa, kwa hiyo nivumilieni nikiandika kwa urefu.

Mkuu, jambo la kwanza: wewe hununui mnadani. Minada mikubwa ya kule, USS, TAA, JU na wenzao, ni ya wafanyabiashara wenye leseni na uanachama. Hata Mjapani anayetaka kigari cha mke wake cha kwendea sokoni haruhusiwi kuingia. Ile kurasa uliyoonyeshwa ni dirisha la wakala. Wewe unachungulia, anayeweka dau ni yeye. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yanageuka kuwa swali moja tu: huyu wakala ni mtu wa namna gani?

Na usifikirie mnada kama ule wa mitumba, jamaa amesimama juu ya meza anapayuka. Chukua USS ya Tokyo, iliyoko Noda mkoani Chiba, ambayo huuza kila Alhamisi. Yanapita maelfu ya magari kwa siku moja. Wanunuzi wamekaa kimya kwenye viti, kila mmoja na skrini na kitufe, wengine wako ofisini kwao wanabonyeza kwa mtandao. Ukibonyeza, bei inaruka hatua moja, mara nyingi yeni 3,000. Gari moja linamalizika kwa sekunde 20 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Saa nne asubuhi ya Japani kwetu ni saa kumi alfajiri. Gari langu la kwanza niliamka muda huo nikiwa nimejifunika shuka na simu mkononi, mama watoto anauliza kuna msiba gani. Nilipepesa macho tu, namba imeshapita. Hakuna cha kushangilia wala cha kufikiria pale. Kufikiria kote kunafanyika jana yake.

Jana yake ndipo unapompa wakala dau lako la mwisho. Hapa wengi hawaelewi. Dau la mwisho siyo bei utakayolipa, ni ukuta. Waliozoea eBay, ule mnada wa mtandaoni, wanaujua mchezo huu: unataja kikomo chako, mashine inapanda kidogo kidogo kadiri mwenzako anavyopanda. Kwa mnada wa Japani ni vivyo hivyo. Ukisema kikomo ni 240,000 na mshindani wako wa mwisho akaachia kwenye 204,000, nyundo inagonga kwenye 207,000 na umepata gari. Anayepanga bei yako ni yule aliyeshindwa mwisho. Pia kuna bei ya chini ambayo mwenye gari ameiweka kwa siri. Isipofikiwa, gari halijauzwa, na wakala mjanja anaweza kupiga simu baada ya mnada akajadiliana. La bosi wangu tulilipata hivyo, tena kwa bei nzuri kuliko tuliyotegemea.

Sasa nije kwenye kidonda changu. Wakala wa kwanza nilimpa kikomo cha yeni 260,000. Asubuhi akanitumia ujumbe: hongera, tumeshinda kwa 260,000. Nikalipa, nikashukuru, nikamsifia kwa watu. Miezi mitatu baadaye nahangaikia gari jingine kwa wakala mwingine, ambaye mfumo wake ulikuwa na kumbukumbu za minada iliyopita. Kwa udadisi tu nikatafuta gari langu: IST ya rangi ya fedha, kilomita 87,000, nikalinganisha na namba ya loti (namba ya gari pale mnadani) iliyokuwa kwenye karatasi niliyotumiwa. Ndilo. Limeuzwa yeni 198,000. Yeni 62,000 zilikuwa zimeingia mfukoni mwa mtu juu ya ada niliyomlipa, na kwa viwango vya 2019 hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki mbili. Nilipomwandikia akajibu kwamba bei yao "ni ya jumla". Sikupata hata mia.

Ndiyo maana nasema kabla hujatuma amana muulize wakala swali hili kwa maandishi: nikishinda chini ya kikomo changu, nalipa bei ya nyundo au nalipa kikomo? Na matokeo ya mnada utanionyesha? Wapo wanaotoza ada ya kudumu na kukuonyesha kila kitu. Wapo pia wanaokupa bei moja ya jumla mpaka gari liwe melini, nayo siyo wizi ikiwa mmekubaliana hivyo mapema. Tatizo ni yule anayekuambia ni mnada, halafu kila siku anashinda kwa kikomo chako kamili kama mtabiri.

Karatasi ya mnada. Hii ndiyo gari lenyewe, picha ni mapambo. Gari lililooshwa na kupigwa picha saa ya jua zuri linapendeza hata likiwa limekufa. Kabla ya mnada mkaguzi huzunguka gari na karatasi moja, anaandika kwa mkono. Upande mmoja juu kuna gredi. S na 6 ni karibu na jipya, halafu 5, 4.5, 4, 3.5, 3 kushuka. R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa kwenye mifupa yake, siyo bampa tu. Pembeni kuna herufi ya ndani ya gari, A hadi chini. IST ya 2005 usiitafutie 4.5, utangoja mpaka watoto wamalize shule. Gredi 3.5 yenye ndani B au C ni gari la kuchukua.

Halafu chini kuna mchoro wa gari limetandazwa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake vialama. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni wimbi linalobaki baada ya kunyoosha na kupiga rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyoanza kula bati. Namba inayofuata ni ukubwa: A1 hata huioni, U3 utaiona ukiwa barabarani. XX maana yake kipande kimebadilishwa kabisa. La shemeji lilikuwa na XX kwenye madigadi ya mbele kushoto na W2 kwenye mlango wa upande huo huo. Ukisoma viwili hivyo pamoja unaona tukio zima: gari liligongwa pembe ya kushoto. Nilimwambia aliache. Yeye kavutiwa na picha, akanijibu "si limeshatengenezwa?" Leo hii linakula tairi za mbele upande mmoja, na kila nikienda kwao nageuzwa fundi.

Kibaya kuliko mikwaruzo ni kutu ya chini. Magari ya kaskazini, Hokkaido hasa, yanapita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Juu linang'aa, chini limeliwa. Mkaguzi huandika kwenye maelezo, na neno lenyewe ni "sabi". Mwambie wakala akutafsirie maelezo yote ya mkono, siyo gredi peke yake. Anayesema "hakuna la maana limeandikwa" wakati wewe unaona mistari minne ya maandishi, huyo muache. Na ukiona alama ya $ au nyota karibu na kilomita, simama uulize kwanza. Ni habari za saa ya kilomita kubadilishwa au kutoaminika.

Mwaka nao una mtego. Karatasi nyingi zinaandika mwaka wa enzi ya mfalme wao. H17 ni Heisei 17. Ongeza 1988 unapata 2005. R ikiwa kwenye nafasi ya mwaka ni Reiwa, ongeza 2018. Shemeji huyo huyo alinipigia usiku kwa furaha kwamba kaona IST ya "kumi na saba" kwa bei ya kutupa. Ilikuwa ya 2005.

Tuje kwenye milioni 14 zako, maana hapa ndipo wageni wanaumia bila kuibiwa na mtu yeyote. Watu wanapanga kikomo kwa kuangalia bei za Japani. Mimi napanga kuanzia nyumbani kurudi nyuma. Fungua tovuti ya TRA, mamlaka yetu ya mapato, kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika. Weka aina, modeli, mwaka, nchi na injini, inakutolea kodi. Angalia vizuri: kodi hiyo inasimama juu ya thamani waliyoiweka wao. Ukibahatika kuliokota gari kwa yeni 90,000, ushuru haukuonei huruma. Kwa hiyo bahati ya mnadani inapunguza kipande kidogo tu cha safari yako.

Na kodi zenyewe zinapandiana mgongoni. Ushuru wa forodha 25%. Ushuru wa bidhaa kwa injini: chini ya 1000cc hakuna, 1000 hadi 2000 ni 5%, juu ya hapo 10%. Halafu uchakavu: gari likizidi miaka 8 ni 15%, likizidi 10 ni 30%, ndiyo inayozipiga IST zote za zamani. Juu ya jumla hiyo yote, VAT 18%. Na vijiada vingine vidogo. (Ndugu zetu wa Kenya hawana hata nafasi ya kulia hivi, kwao gari la zaidi ya miaka 8 haliingii.)

IST yangu ya pili, mwaka 2022, ilikwenda hivi. Nyundo yeni 207,000. Ada ya wakala, ada ya mnada na kulisafirisha mpaka bandari ya Yokohama, 85,000. Jumla 292,000, na yeni wakati huo niliipata kwa shilingi 16 hivi, ikawa kama milioni 4.7. Meli dola 1,150, kama milioni 2.7. Kodi milioni 6.1. Bandari, wakala wa forodha, usajili, bima na chai za hapa na pale, milioni 1.1. Gari limeingia uani likiwa milioni 14.6. Ile bei iliyokutamanisha kwenye simu, ile ya nyundo, haikufika hata robo ya fedha niliyotoa.

Kwa hiyo chukua 14 zako, toa kodi ya kikokotoo cha leo, toa milioni na nusu ya bandarini na usajili, toa meli kwa dola ya leo, toa ada za Japani. Kinachobaki, kigawe kwa bei ya yeni, ndicho kikomo chako. Kikitoka yeni 130,000, basi ni 130,000, usimwambie wakala "ongeza kidogo tukishindwa". Ukishinda huwezi kughairi. Ukijaribu, amana inaondoka na faini juu. Mimi nilishindwa mara sita kabla ya kupata lile la pili. Magari hayaishi, wiki ijayo yapo. Au fikiria Toyota Passo ya 996cc: uchakavu utalipa pale pale, lakini ile 5% ya injini inakuepuka.

Kuhusu kutuma fedha nitasema kwa kifupi. Tuma benki kwa benki, kwenye akaunti ya kampuni iliyo na jina lile lile lililo kwenye ankara. Siyo ya mtu binafsi, siyo kwa simu. Ukipata barua pepe ghafla inasema "akaunti yetu imebadilika", usijibu hiyo barua, piga namba ya simu uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Amana ya kwanza mimi sikubali izidi yeni laki moja. Nyaraka, yaani hati ya shehena ile wanayoiita BL, cheti cha kuliondoa gari Japani na ankara, zinatumwa ukishamaliza kulipa, na meli inachukua mwezi mmoja mpaka mmoja na nusu. Zikifika, linganisha namba ya chesesi kwenye BL na kwenye karatasi ya mnada, tarakimu kwa tarakimu, kabla hujampa wakala wa forodha. Yangu moja ilikosewa tarakimu moja. Kurekebisha kulinila siku kumi na moja za gharama za kuhifadhi bandarini.

Yadi sizitukani. Mtu wa yadi amebeba mwezi na nusu wa kusubiri, amebeba hatari ya kutu, na wewe unaliwasha gari, unalala chini unachungulia. Kama shule zinafungua mwezi ujao na unalitaka gari sasa, nenda yadi ukabishane bei.

Ukiamua mnada, ukipewa karatasi ya gari lolote, weka picha yake hapa kabla ya jioni ya siku moja kabla ya mnada, funika namba ya chesesi, ila ule mchoro na yale maandishi ya mkono yaonekane. Jumatano usiku huwa sina kazi.