Kupaka rangi kibodi ya mekanika: maswali yenu

Nilipulizia kasha la kibodi rangi nyeusi. Haikupita wiki, ikaanza kubanduka magamba. Nimeuziwa rangi mbovu?

Sidhani. Plastiki ya kiwandani ni laini na mara nyingi ina mafuta, kwa hiyo rangi haipati pa kushika. Fungua kibodi yote, toa bodi ya saketi na skrubu, kisha osha kasha kwa sabuni ya vyombo. Likikauka, lisugue kwa msasa namba 400, halafu 600. Liinamishe kwenye mwanga: panapometa bado ndipo patakapobanduka kwanza. Futa vumbi kwa spiriti, na kuanzia hapo usilishike kwa vidole vitupu. Piga praima ya plastiki (rangi ya chini ya kushikia), ndipo rangi ifuate, mikono mitatu au minne myepesi. Shika kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kasha. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, plastiki ionekane chini yake. Ukilazimisha ifunike mara moja, utapata michirizi. Na rangi isiyonata kidoleni haijakomaa bado. Iache siku kadhaa kabla ya kurudisha skrubu. (Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, si kwenye kupuliza.)

Vifuniko vya vitufe navyo nivipulizie?

Mimi sivipulizii. Vidole vinasugua palepale kutwa, na herufi zenyewe utazifukia. Kama ni vya plastiki iitwayo PBT, vichovye kwenye rangi ya kutilia nguo za poliesta, katika maji ya moto yasiyotokota. Anza na vyeupe, maana rangi hiyo hukoleza tu, haing'arishi. Vya ABS, plastiki nyingine ya vitufe, usivitie humo, joto litavipinda. Huvijui? Gusisha tone la asetoni ukingoni kwa ndani: ABS itanata, PBT haitajali.

Swichi zangu, zile zilizo chini ya vitufe, zimelehemewa kwenye bodi. Lazima nizing'oe?

Hapana. Kwa kawaida bodi hutoka kwenye kasha na swichi zake zote.

Nimeshafunga kila kitu, sasa kitufe cha nafasi kinakwama pembeni.

Rangi imeongeza unene kwenye ukingo wa kasha. Chomoa kitufe hicho uangalie ubavuni mwake, utaona alama ya msuguano. Sugua ukingo unaoelekeana nayo kwa msasa namba 800, kidogo kidogo, huku ukijaribisha.