Nguzo za chuma: zifukiwe au zifungwe kwa bolti?

SWALI: Ndugu wataalamu, najenga nyumba ya fremu ya chuma Njiro, mita 9 kwa 12, isiyo ya ghorofa. Nguzo ni mabomba ya mraba ya milimita 100. Fundi anataka kuzifukia moja kwa moja kwenye zege. Anasema bolti ni gharama ya bure. Ni kweli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Si kweli. Bomba lililofukiwa huliwa na kutu pale linapotokea kwenye zege, maana maji husimama hapo. Chomelea kila nguzo kwenye bamba la milimita 250 kwa 250, unene 12, lenye matundu manne ya bolti za milimita 16. Bolti ziwe na ncha iliyokunjwa, zizame walau sentimita 40, zifungwe kwenye nondo za msingi kabla ya kumwaga zege. Bamba likae sentimita 15 juu ya ardhi.

Wengi huharibu hapa: bolti husogea zege likimwagwa, kisha fundi anapanua tundu kwa moto. Tengeneza kiolezo cha mbao chenye matundu yaleyale, halafu pima pembe kwa pembe. Kwa nyumba yako, mishazari yote miwili isome mita 15 kamili.

Ziba mabomba juu. Weka vyuma vya mshazari pande zote, la sivyo fremu italala na upepo. Nati kaza mwisho, baada ya kusimamisha nguzo wima kwa timazi. Udongo ukiwa ule mweusi unaopasuka kiangazi, msingi apange mhandisi. Bamba zuri halitakuokoa.