Kichwa kuuma hedhi inapokaribia kukoma: maswali yenu

Daktari, nina miaka 46. Hedhi inakuja inapotaka yenyewe, na kichwa kinanidunda upande mmoja hadi natapika. Naambiwa ni umri tu. Kweli?

Hilo jibu la "ni umri tu" silipendi kabisa, kwa sababu linawanyima wanawake tiba. Unachoeleza kinafanana sana na kipandauso. Katika miaka hii homoni ya estrojeni haipungui taratibu kama wengi wanavyodhani. Inapanda na kushuka ovyo, mwezi huu juu, mwezi ujao chini, na inaposhuka ghafla ndipo kipandauso huamka. Ndiyo maana wengi huumwa siku mbili kabla ya hedhi au siku zake za mwanzo. Ongeza na jasho la usiku linalokukatizia usingizi, maana kukosa usingizi nako huleta maumivu.

Chukua kalenda. Tia alama siku za hedhi, siku za maumivu na siku ulizomeza dawa, kwa miezi mitatu hivi, kisha nenda nayo kliniki. Itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Je, hedhi ikikoma kabisa nitapona?

Wengi hupata nafuu, ila si mara moja. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikitimia miezi 12 bila damu, na kichwa kinaweza kuchelewa kutulia. Kwa aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji mambo huwa tofauti: estrojeni hukatika kwa mkupuo, na kipandauso kinaweza kuzidi.

Nameza dawa ya maumivu karibu kila siku. Siku hizi naamka asubuhi kichwa tayari kinauma.

Pole sana, dada. Swali hili ndilo linalonihangaisha kuliko yote, kwa kuwa huenda dawa yenyewe sasa ndiyo inayoendeleza maumivu. Parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, inaweza kuzaa maumivu mapya ya kichwa. Kwa dawa za jamii ya triptani (dawa maalumu za kipandauso), zenye kodeini (dawa kali ya maumivu), au zilizochanganywa na kafeini, siku 10 tu zinatosha. Unameza ili upone, nafuu inaisha, unameza tena.

Kutoka humo ni kuacha, na wiki ya kwanza au mbili maumivu huweza kuwa makali zaidi kabla hayajapungua. Usijilaumu, na kama unatumia yenye kodeini usiache peke yako. Muulize daktari kuhusu dawa ya kinga, inayomezwa kila siku ili kichwa kisianze: propranololi, amitriptilini, au venlafaksini, ambayo pia hupunguza yale majoto ya ghafla.

Kabla kichwa hakijaanza naona vimulimuli na mistari inayometameta. Naweza kutumia homoni?

Hapa lazima tutenganishe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havikufai, kwa sababu pamoja na kipandauso cha namna hiyo huongeza hatari ya kiharusi. Tiba ya homoni ya wakati wa kukoma hedhi ni jambo jingine. Ikitolewa kwa kibandiko au jeli ya ngozi, kwa kipimo kidogo, homoni huingia mwilini bila kuyumba sana, na wengi wenye vimulimuli huweza kuitumia chini ya uangalizi. Mwambie daktari kama una presha au unavuta sigara.

Mama yangu ana miaka 58, hajawahi kuumwa kichwa. Sasa kipaji cha uso kinamuuma, hata kuchana nywele hawezi, na taya linachoka akitafuna.

Mpeleke hospitali leo hii. Hili si la homoni mpaka lithibitishwe. Mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuwa imevimba, na ikicheleweshwa anaweza kupofuka. Kuna kipimo cha damu cha kuanzia, na dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe huo, huanzishwa mara moja, hata kabla majibu yote hayajatoka.