Maswali ya Wasomaji: Layla Aliyevishwa Deraya, na Mengineyo

SWALI: Assalaam aleikum. Sie ni vijana watano wa Wete, tunacheza Mobile Legends, mchezo wa simu wa watano kwa watano, barazani kila baada ya isha, kwa hotspoti ya simu moja. Mwenzetu mmoja humchukua Layla, shujaa wa kupiga kwa mbali, akamvisha deraya peke yake, eti awe tenki, yaani wa kusimama mbele na kuwakinga wenziwe. Twacheka sana, lakini kwenye Ranki, mechi za kupanda daraja, nyota zetu zinateketea. Wawili wetu wanataka atolewe. Nyie mnasemaje?

JIBU: Wa aleikum salaam. Kabla ya kumtoa, kumbukeni kuwa Ranki hupokea mtu peke yake, wawili, watatu au watano. Mkibaki wanne hamwingii pamoja, itabidi mwengine naye akae pembeni atazame.

Ubaya wa bildi yake, yaani mpango wake wa vifaa, hauko kwenye kuchekesha. Tenki anatakiwa amzuie adui. Wingi wa damu peke yake hausaidii kitu. Tenki kama Tigreal akitoa ulti, skili yake kubwa, huwakusanya maadui na kuwazubaisha, Franco humvuta mmoja kwa ndoano. Layla hana la namna hiyo, skili yake ya pili hupunguza mwendo tu. Maadui wanampita kama hawakumuona, wanakwenda kumuua mpigaji wenu. Isitoshe, kipaji chake huongeza madhara kadiri adui alivyo mbali, na tenki kazi yake kusimama karibu.

Kama anataka vituko, mpeni Johnson, tenki anayejigeuza gari, avae vifaa vya uchawi badala ya deraya. Skili zake hupiga kwa uchawi, hivyo vifaa hivyo vinamfaa, na gari lake likimgonga adui linamzubaisha hata kama hajanunua chochote. Mwenzenu mmoja akipanda humo, kicheko kipo na kazi ya timu imefanyika. Atakufa upesi kuliko Johnson wa kawaida, hilo mlikubali. Chagueni mzaha kwa shujaa ambaye kazi yake inafanywa na skili, maana hata akivaa ovyo skili hazimpotei. Layla mwenye deraya apelekwe Classic, mechi za kawaida, huko hakuna nyota ya kupotea.

Yasiyofanyiwa mzaha ni machache. Jangla, yule anayewinda wanyama wa porini, achukue uwezo wa ziada uitwao Retribution: bila huo viatu vyake havipati baraka ya porini, na Lord, lile dubwana kubwa la porini, atanyang'anywa mbele ya macho yake. Tena msipige nyote kwa aina moja ya madhara. Mchezo huchukua 120 ukagawa kwa 120 jumlisha ulinzi wa adui, kisha ukazidisha na pigo. Mwenye ulinzi 120 pigo la 600 linamfikia 300, mwenye 240 linamfikia 200. Mkiwa nyote watu wa mishale na mapanga, adui hana haja ya kinga ya uchawi. Kila pesa anaitia kwenye deraya, na nyote watano mmepungua nguvu kwa pamoja. Meji mmoja tu, shujaa wa kupiga kwa uchawi, anamvurugia hesabu hiyo.

Upande wa pili wakiwa na Estes, shujaa wa kutibu wenziwe, mmoja wenu anunue mapema kifaa cha kukata tiba, kama Dominance Ice. Wengi hukiacha kiwe cha sita, yaani cha mwisho, mechi ikawa imekwisha. Wawili wakivaa vyenye athari ile ile, tiba haikatwi mara mbili.

Na hiyo hotspoti moja! Kabla ya kuanza, zimeni masasisho ya programu kwenye simu zote tano. Pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ikiruka kwa wote kwa wakati mmoja, tatizo ni hotspoti. Ikiruka kwa mmoja tu, ni simu yake au alipokaa. Huenda nyota nyengine zilipotelea hapo, Layla kasingiziwa.

SWALI: Mie ni wa Jang'ombe. Nifuate bildi za wachezaji bora wanazoonesha ndani ya mchezo, au nijipangie?

JIBU: Fuata vifaa viwili vya mwanzo baada ya viatu, maana hivyo utavitumia karibu kila mechi. Vinavyobaki angalia uliokutana nao. Bildi ya bingwa ilipangwa kwa maadui wake, na wako siku hiyo ni wengine. Jumlisha pia vipunguza muda wa kusubiri skili: kikomo cha kawaida ni asilimia 40, kinachozidi hapo umenunua hewa. Na kama pingi yako haitulii, muache Fanny, shujaa anayeruka kwa kamba. Kamba zake zinataka vidole na mtandao kwenda sawa, na shujaa wa kawaida unayemmudu atakupa ushindi zaidi.

SWALI: Kaka zangu hapa Chake Chake kila siku wananipa Estes nitibu tu. Nimechoka, nataka kuwa jangla.

JIBU: Dada, waambie zamu. Ingia kwanza sehemu ya mazoezi ujifunze njia ya porini mpaka usifikirie tena, kisha cheza Classic nao huku mmoja wao akimshika Estes. Atakayekataa kutibu, mkumbushe nani amekuwa akimfufua miezi yote hii.