Four Horsemen sio matapeli, ngoja nikueleze walikotoka

Mkuu umeuliza kama hawa jamaa wa Four Horsemen, studio ya Marekani inayotengeneza midoli ya kukusanya, ni matapeli, kwa vile wanachukua hela leo alafu mdoli unauona mwakani au hata baada ya hapo. Mi nanunua kwao miaka mingi sasa, mizigo yangu inafikia kwa dada yangu Maryland na akija Dar anakuja nayo, na hadi leo hamna oda hata moja niliyolipia nikaikosa. Ila ili uelewe kwanini wanauza hivo inabidi uwajue toka mwanzo.

Hawa walikuwa wachongaji wanne wa midoli, Eric Treadaway, Jim Preziosi, Chris Dahlberg na H. Eric Mayse ambaye mashabiki wote tunamwita Cornboy. Waliajiriwa McFarlane Toys, kampuni ya Todd McFarlane yule mchoraji wa katuni ya Spawn, ambayo miaka ya 90 ilifanya watu wazima kibao waanze kununua midoli kwa ajili ya uzuri wa uchongaji wake. 1999 wakatoka wakafungua studio yao New Jersey. Sasa hapa ndo wengi wanachanganya, studio ilikuwa inaishi kwa kuchongea wengine. Mdoli wa He-Man, yule shujaa wa katuni, aliyerudi 2002 wamemchonga wao, midoli ya Masters of the Universe Classics (ya huyohuyo He-Man na wenzake) iliyoanza 2008 wao, DC Universe Classics ya kina Batman na Superman wao tena, lakini kwenye boksi jina kubwa ni Mattel, kampuni kubwa ya midoli, na wahusika wote wana wenyewe. Yaani unachonga kitu dunia nzima inakipenda, siku mwenye mali akisema basi, huna hata kichwa kimoja cha kuuza.

Kwaiyo pembeni wakawa wanajaribu vya kwao. Kulikuwa na Seventh Kingdom, mashujaa wenye maumbo ya wanyama, na walichofanya ni kuwapa mashabiki kura waamue nani atengenezwe, ndo akapatikana Ramathorr yule mpiganaji tembo. Mi napenda sana hiki kipande cha historia yao maana walianza kuwasikiliza wanunuzi kabla hawajawa na chochote kikubwa cha kuwauzia.

Kilichokuwa kinawabana ni kalibu. Plastiki inasukumwa ndani ya kalibu la chuma, kila kiungo kina nafasi yake humo, na kumchonga mhusika mmoja mpya kabisa kwenye chuma kunaweza kula makumi ya maelfu ya dola, na hiyo hela unalipa kiwandani China kabla hujauza hata mdoli mmoja. Kampuni kubwa inaigawa gharama hiyo kwa malaki ya midoli, hawa wanaigawa kwa oda chache walizonazo, bei lazima ipande na lazima wajue mapema oda ziko ngapi. Hela yako ya leo ndo mtaji wenyewe mkuu.

Basi 2015 wakaenda Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela za miradi, na midoli yao ya Mythic Legions ya mashujaa na mazimwi, wakachangiwa zaidi ya dola 400,000. Na ujanja wao ulikuwa kwenye maungio, mwili mmoja wa inchi 6 hivi, deraya zinavuliwa na kuvalishwa, kichwa na mikono inachomoka, kwaiyo kalibu zilezile zinakupa askari, mifupa inayotembea na zimwi, kinachobadilika ni rangi na vipande vichache. Siku moja nilichukua zimwi wangu na askari mmoja wa deraya ya dhahabu, nikawatumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto kama dakika moja hivi plastiki ilegee, nikavuta kichwa cha zimwi taratibu kikatoka, kwenye shingo kikabaki kijiti chenye gololi juu, nikang'oa na cha askari, kile kichwa cha zimwi nikakipachika pale kikaingia tap! Kikageuka kushoto kulia kama kilizaliwa pale, na meno ya chini yakawa yanagusa ukingo wa deraya. Nilikaa nacho mkononi hadi chai ikapoa.

Baadae wakaongeza Cosmic Legions, hiyo ya anga za juu, na Figura Obscura ya viumbe wa hadithi za kale wakianza na Krampus, yule zimwi mwenye pembe wa hadithi za Krismasi za Ulaya, na hii Figura Obscura ndo nakushauri uanzie maana wanaiuza ikiwa tayari stoo, hausubiri. Oda yangu ya kwanza ya Mythic Legions niliisubiri miezi 14, iweke kichwani kabisa kabla hujalipa. Na usafiri pia uangalie, kuna wakala mmoja wa kago alinifikishia boksi limebonyea na bawa la mdoli limekatika, toka siku hiyo namsubiri dada tu. Alafu ukifungua ukakuta kiungo kimekaza usikilazimishe hata kidogo, maji ya moto kwanza, kijiti cha bega kikikatikia ndani kukitoa ni kazi kweli.