Unataka watu waijali Sudan? Anza na kitu wanachokijua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo kaniandikia inboksi. Kanisalimia shikamoo (sijazeeka kiasi hicho, ila marahaba) halafu akamwaga yote ya moyoni. Ana page, anaposti kuhusu vita vya Sudan kila siku, anaweka ramani, idadi ya waliokufa, klipu zenye damu za El Fasher, mji wa Darfur, magharibi mwa Sudan, na hapati kitu. Akiposti mpira laiki zinamiminika, akiposti Darfur anapata ya rafiki zake wawili na ya shangazi yake. Akamalizia, "Dada, hivi sisi Waafrika tuna roho gani?"

Nilimjibu kwa kifupi, ila baadaye nikaona hapana, hili niliandike lote, maana mnaoniuliza swali hilohilo mko wengi na najua wote mna hamu moja kama yangu, kwamba siku moja mtu ataje El Geneina (mji mwingine wa Darfur) mbele za watu na asihitaji kuanza kueleza iko wapi.

Kwanza hilo la roho tuliache. Watu hawana roho mbaya. Mtu ana kodi, ana ada, ana mgonjwa, na wewe unamrushia maiti asubuhi kabla hajanywa chai, unategemea afanye nini? Atapita. Hata wewe ungepita. Shida ni kwamba unamwanzia mbali, kwenye jangwa ambalo hajawahi kuliona, na majina ambayo hayamkai mdomoni. Mwanzie hapo alipo.

Mimi nimekulia Arusha. Kama umekulia hapa miaka ile unakumbuka "mahakama ya Rwanda", ile ya UN iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, na kwetu maana yake ilikuwa magari meupe ya UN, wageni wa Njiro na kodi za nyumba zinazotajwa kwa dola. Basi. Mama yangu alikuwa na wateja wa chakula waliofanya kazi AICC, jengo la mikutano la Arusha ilipokuwa mahakama hiyo, anawajua kwa majina na anajua nani hali pilipili, lakini ndani kule kesi ya nani inasikilizwa hakuna aliyekuwa na habari nyumbani kwetu. Na mlango ulikuwa wazi! Kulikuwa na sehemu ya watazamaji, unaonyesha kitambulisho unaingia, hulipi hata senti.

Mimi niliingia nikiwa sekondari kwa sababu ya mwalimu wa historia, mtu mkorofi sana ambaye nitamshukuru mpaka nife. Tulikaa nyuma ya kioo tukapewa vile vya kuweka masikioni, unachagua Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Kiswahili hakikuwepo, katikati ya Arusha. Shahidi alikuwa nyuma ya pazia, hatumwoni, anaitwa kwa herufi, ni mwanamke. Wakili anamuuliza kutoka kwenye ua mpaka kwenye mgomba aliojificha kulikuwa na umbali gani. Anajibu. Wakili anarudia, mbona kwenye maelezo yako ya mwanzo ulisema hivi na leo unasema vile. Anajibu tena, sauti ileile. Mara ya tatu hakujibu, tukasikia tu anaomba maji, na jaji akaahirisha. Wenzangu walirudi wakiongelea viyoyozi. Mimi ule mgomba sijausahau mpaka kesho.

Sasa ndiyo maana nikialikwa mahali, iwe ukumbi wa parokia, vijana wa msikitini au chuo, sianzi na Sudan hata kama bango limeandikwa Sudan. Nauliza nani hapa amewahi kupita AICC. Mikono yote juu. Halafu nauliza, nani anajua kwamba Arusha hii hii, tarehe 2 Septemba 1998, ndipo mahakama ya kimataifa ilipomtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari kwa mara ya kwanza duniani? Kimya. Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ulipitishwa 1948, dunia ikakaa nao miaka hamsini, na hukumu ya kwanza ikaja kusomwa hapa kwetu. Alikuwa Jean-Paul Akayesu, kiongozi wa wilaya ya Taba kule Rwanda, na hukumu hiyohiyo ndiyo iliyosema kwamba ubakaji nao unaweza kuwa njia ya kuangamiza kundi la watu. Hapo utaona mtu aliyekuwa anachezea simu anaigeuza kifudifudi mezani. Umempata. Na kama wewe hauko Arusha usiniambie huna cha kuanzia. Uko Kagera? Mwaka 1994 maiti kutoka Rwanda zilishuka na mto Kagera mpaka ziwa Victoria, upande wa Uganda wavuvi na wanakijiji walizika maelfu pale Kasensero na kwingine, wazee wanakumbuka jinsi watu walivyoogopa kula samaki. Uko Tabora au Katavi? Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalianza na watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, na zaidi ya 160,000 wamepewa uraia wa Tanzania. Uko kusini, kwenye nchi ya Majimaji? Jeshi la Mjerumani lililochoma mashamba huko 1905 mpaka 1907 ni la dola ileile iliyowamaliza Waherero na Wanama kule Namibia kuanzia 1904, na Ujerumani imekuja kukiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 2021. Tafuta ya kwako, ipo.

Ukianza hivyo watu wenyewe wanaanza kukuletea habari. Aprili mwaka huu (ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani, niacheni nijisifu kidogo, mwanzo nilikuwa naongea na viti) nilipomaliza mzee mmoja akanyanyuka nyuma kabisa. Akasema mwaka 94 alikuwa dereva wa malori, alipeleka mzigo wa mahindi Ngara mwishoni mwa Aprili. Akaeleza daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, watu wanavuka usiku na mchana, magodoro kichwani, mbuzi, watoto wamefungwa kamba kiunoni wasipotee. Hizo zilikuwa siku zile ambazo takriban watu robo milioni waliingia Tanzania katika muda wa kama siku moja, kambi ya Benaco pale Ngara ikageuka mji. Halafu akasema kitu ambacho ukumbi mzima ulinyamaza, kwamba pembeni ya njia kulikuwa na rundo la mapanga, askari wetu walikuwa wanawapokonya wanapovuka, na rundo lilikuwa refu kuliko yeye. Akauliza, "Sasa mwanangu, pale nilikuwa nawapelekea chakula wakimbizi au wauaji?"

Sikumkwepa na wewe usimkwepe mtu wa namna hiyo, maana hili ndilo swali gumu kuliko yote na watu wengi wa kampeni wanaliruka. Nilimwambia vyote viwili. Sylvestre Gacumbitsi, kiongozi wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, aliyeongoza mauaji kwenye kanisa la Nyarubuye, alivuka na umati ule, akakaa kambini kama mkubwa wa watu, na alikamatwa Kigoma 2001 kwenye kambi ya wakimbizi, akahukumiwa hapa Arusha. Lakini wale watoto waliofungwa kamba kiunoni hawakuua mtu. Ukiwachora wakimbizi wote kama malaika, siku msikilizaji wako akikutana na mmoja asiye malaika anatupa kila ulichomwambia. Sema ukweli wote, mtu mzima anaweza kuubeba.

Na lile swali la "si wanakula bure hao?" litakuja, kila mahali linakuja, kwa kawaida kutoka kwa mtu ambaye siku yake imekuwa mbaya. Usimfokee. Mwambie kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa 1996, aliyezaliwa mule mwaka huo leo ana watoto wake, na hawezi kutoka kambini kwenda kutafuta kibarua bila kibali. Mwaka 2023 mgao wa WFP, shirika la chakula la UN, ulishushwa mpaka nusu kwa kukosa hela. Kisha muulize yeye angekula nini. Mara nyingi anakaa chini mwenyewe.

Kuhusu picha. Kijana wangu, toa zile klipu. Najua unasema dunia lazima ione, lakini yule aliyelala pale ana mama, na mama ana simu. Zaidi ya hapo, El Fasher wauaji wenyewe ndio walikuwa wanajirekodi na kuposti, kwa hiyo ukizisambaza unawafanyia kazi yao. Mimi natumia sauti na vitu. Kuna mama Mmasaliti (kabila la huko Darfur) tuliongea naye kwa simu yuko Adré, upande wa Chad, nikamuuliza alitoka El Geneina na nini, akasema ufunguo wa nyumba na cheti cha shule cha binti yake, ameviweka kwenye mfuko wa sukari. Jina lake sijaliweka popote, sauti yake sijaicheza, aliniruhusu kusema hayo mawili tu na nimesema hayo mawili tu. Watu wanaukumbuka ule mfuko kuliko hesabu ya zaidi ya milioni 12 waliohama makwao Sudan tangu Aprili 2023, ingawa hesabu nayo uijue, ukiulizwa usianze kubabaika.

Na usiharakishe kuita kila mauaji kimbari ili upate macho ya watu. Sheria inataka kuthibitisha nia ya kuliangamiza kundi, kwa taifa lao, kabila, rangi au dini, na nia ndiyo ngumu kuithibitisha. Darfur yenyewe, Marekani ilisema ni kimbari Septemba 2004, tume ya Umoja wa Mataifa Januari 2005 ikasema haijaona sera ya serikali ya kuangamiza ila imeona makosa mazito yasiyopungua hayo, na 2010 ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ikatoa hati ya pili ya kumkamata Bashir, rais wa Sudan wakati huo, safari hii na kimbari ndani yake. Soma, ndugu yangu. Ukikosea kitu kimoja kuna mtu kwenye komenti amekaa anakusubiri.

Halafu hao wa komenti. Ukiposti Rwanda atakuja mtu, "na Congo mbona husemi?" Ukiposti Congo anakuja mwingine na 1994. Nilishagombana sana huko mpaka nikakosa usingizi. Siku hizi nina sheria moja, maiti za huku hazitumiki kufunika za kule. Watutsi waliuawa 1994 kwa kuwa Watutsi, na Wahutu waliokataa kushiriki waliuawa nao, hilo halijadiliwi kwenye page yangu. Mtu wa Goma, Congo, aliyekimbia Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia naye ana haki ya kulia kwangu. Anayekuja kuwaita watu mende au nyoka namfuta hapohapo bila maelezo. Redio RTLM ya Rwanda, iliyowaita Watutsi hivyohivyo, ilianza 1993 na muziki mzuri na utani, watu wakaipenda, na Desemba 2003 hapa Arusha wakubwa wake wawili na mhariri wa gazeti la Kangura walitiwa hatiani kwa walichosema na kuandika. Sasa angalia hilo grupu lako la familia linavyowasema wageni, angalia vicheko vinavyofuata, halafu niambie wewe huwa unaandika nini chini yake. Kama unaposti Sudan mchana na usiku unacheka hivyo vichekesho, page ifunge tu.

Kuna kitu kingine nitasema hata kama kitaonekana kidogo mbele ya haya. Taasisi moja, siitaji, iliniomba slaidi zangu "kwa ajili ya maandalizi", siku ya siku nakuta zipo ukutani na nembo yao, maneno yangu neno kwa neno mpaka na lile swali la mikono juu, na mimi nimepangiwa kiti karibu na mlango. Wakanipa soda. Niliumia na bado naumia, sijaombwa radhi mpaka leo. Utaambiwa hii ni kazi ya kujitolea usitafute sifa. Jitolee, ila andika jina lako kwenye kila slaidi, na ukiombwa kazi yako itume kwa imeili ili kuwe na kumbukumbu. Watakaolipwa kwa jasho lako hawatakukumbuka, na tena watakufundisha unyenyekevu.

Mwisho uliniuliza kuhusu michango, kama uweke namba yako ya simu watu watume. Usiweke. Hata kama wewe ni mwaminifu kuliko wote, siku ya kwanza mtu akiuliza hela iko wapi kazi yote inakufa. Waelekeze kwa UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, au kwa shirika linalofanya kazi kambini moja kwa moja, wachangie huko. Tarehe 7 Aprili (kumbukumbu ya kimbari ya Rwanda), 20 Juni (siku ya wakimbizi duniani) na 9 Desemba (siku ya kuwakumbuka waathirika wa mauaji ya kimbari) ziweke kwenye kalenda yako, ndizo siku ambazo hata mkuu wa chuo chako hawezi kukunyima ukumbi kirahisi. Peleka barua mapema, na projekta ijaribu siku moja kabla.