Moko imeteremka na fomu za chuo ziko mezani

Swali: Assalamu alaykum. Niko kidato cha nne hapa kisiwani. Tangu kidato cha pili nilikuwa nikipata A- mfululizo, lakini moko ya mwezi wa saba, ule mtihani wa majaribio, imenipa B. Kemia imeanguka hadi B-. Nataka udaktari hapa Kenya, na mwalimu wangu ananihimiza nijaribu pia vyuo vikuu vya Marekani vile vya kung'ang'aniwa. Usiku silali. Je, nimeshajiharibia?
*Mwanafunzi, Langoni, Lamu*

Jibu: Waalaykumu salaam, mwanangu. Unabisha milango miwili, na kila mlango una karatasi yake. KUCCPS, wanaopanga wanafunzi katika vyuo vya Kenya, hawaijui moko yako wala hawataiuliza. Wao husoma KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, basi. Wanaotaka ripoti za shule ni Wamarekani, tena muhula kwa muhula. Kwa hivyo B hiyo hapa nyumbani ni onyo tu, na kule ni alama iliyokwisha kuandikwa.

Tuanze na udaktari. Hupimwa kwa masomo manne: biolojia, kemia, hesabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. A ni pointi 12, basi manne hayo yanafika 48, na masomo saba ya gredi ya jumla yanafika 84. Makadirio ya shuleni hufanywa hivi: pointi za masomo manne gawa kwa 48, za masomo saba gawa kwa 84, zidisha majibu mawili hayo, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Hesabu yenyewe KUCCPS huifanya baada ya matokeo, lakini hii yatosha kukuonyesha pa kutia nguvu.

Chukua mwanafunzi mwenye 43 katika manne na 75 katika saba. Anapata 42.9. Kemia ikishuka kutoka B+ hadi B-, pointi mbili, anabaki na 41.4. Pointi mbili hizo hizo zikipotea kwenye historia, ambayo haimo katika yale manne, anabaki na 42.4. Kemia imemla pointi moja na nusu, historia nusu tu na kidogo, kwa sababu kemia huhesabiwa mara mbili: ndani ya manne na ndani ya saba. Wengi hugawa saa zao za kusoma sawasawa kwa kila somo, wakaona ndiyo haki. Si haki, ni hasara.

Sasa iendee kemia yenyewe. Mwombe mwalimu akurudishie karatasi zote tatu zilizosahihishwa. Ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, ya tatu, ile ya maabara, ina 40. Pitia kila alama uliyopoteza, uandike pembeni herufi moja: S kama hukusoma mada hiyo, H kama uliharakisha au hukuelewa swali, M kama muda ulikuishia. Penye S nyingi, rudi kitabuni. Penye H na M nyingi, kitabu hakitakusaidia. Fanya karatasi nzima kwa saa, mlango umefungwa na simu iko kwa mama.

Karatasi ya tatu ndiyo inayorudisha alama upesi kuliko zote. Tazama jedwali la bureti, ule mrija wa kupimia maji ya maabara, peke yake. Huwa na alama tano, na mwanafunzi mzuri huziacha mezani bila kujua. Jaza nafasi zote, safari zote tatu za kupima. Ukiandika desimali moja, iwe moja kila mahali. Ukiandika mbili, tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5. Kuchanganya 24.5 na 24.45 katika jedwali moja ni alama imekwenda. Kutafuta wastani, tumia tu vipimo vilivyokaribiana ndani ya 0.2. Ukiwa na 24.5, 24.6 na 25.3, jumlisha viwili vya kwanza, gawa kwa mbili, na hesabu ionekane. Ile 25.3 iache ilipo, usiifute wala usiipambe. Jicho liwe usawa wa maji, usome penye kitako cha mkunjo wa maji.

Hesabati nayo ina mtego wake: sehemu ya pili ina maswali manane, unatakiwa matano, alama 10 kila moja. Anayeanza sita au saba hukosa muda wa kumaliza hata manne.

Tuje kwa Marekani. Kwanza uliza wastani wa darasa. Moko za pamoja mara nyingi husahihishwa kwa mkono mkali. Ikiwa darasa zima limeshuka na wewe bado uko katika watatu wa juu, hilo ni jambo la mwalimu kuliandika kwenye barua yake. Ikiwa umeshuka peke yako, sababu ielezwe kwa sentensi mbili tatu: nini kilitokea, kilianza lini, umebadilisha nini. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, ina mahali pa kueleza hali kama hiyo. Insha yako kuu usiitie kilio cha kemia.

Alama zako ziandikwe kwenye karatasi moja ya shule, kidato cha kwanza hadi cha nne, na mhuri na saini ya mkuu wa shule. Zibaki A- na B kama zilivyo. Kuna wanaozigeuza ziwe za mtindo wa Kimarekani. Msifanye, wasomaji wa fomu wanaijua KCSE na kugeuza huzua shaka. Mwalimu anayetuma atumie barua pepe yake mwenyewe, si yako.

Na hapa ndipo watu wa kwetu hukwama: fomu za kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, za mapema tarehe 1 Novemba. KCSE ikiisha Novemba, ofisi ya shule hufungwa na mwalimu huenda kwao. Karatasi zote ziwe tayari mwezi wa tisa.

Ukiona mambo hayaivi, ngoja KCSE itoke Januari, uombe mwaka huo huo ukiwa na matokeo mkononi. Hilo halina aibu, na moko itakuwa nyuma ya alama kubwa kuliko yenyewe.

Swali: Mwanangu alikubaliwa na chuo cha Marekani mwezi wa Disemba. KCSE imetoka, amepata B+ badala ya A- waliyoitarajia. Tunyamaze?
*Mzazi, Shella, Malindi*

Jibu: Msinyamaze, mzee wangu. Chuo kitaitaka ripoti ya mwisho, na barua ya kukubaliwa karibu siku zote huwa na sharti la kuendelea vyema. Kijana aandike mwenyewe wiki hii, sentensi nne, aambatishe hati ya matokeo. Kushuka ngazi moja mara nyingi huishia kwa jibu la adabu. Kinachofuta nafasi ni kuporomoka ngazi kadhaa, au kugundulika mtu alificha.

Swali: Je, SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ikiwa juu itafunika kemia?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Jibu: Haifuniki, lakini husema upande wako. Baadhi ya vyuo, MIT na Harvard wakiwamo, wanataka mtihani wa aina hiyo. SAT hufanywa kwa laptopu au tableti, simu hairuhusiwi, na programu ya Bluebook, ambayo ndiyo ya kufanyia mtihani, iwekwe na kujaribiwa siku kadhaa kabla ya safari, mahali penye mtandao wa kutegemewa. Kutoka Lamu hesabu boti ya Mokowe, kisha basi la Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, usingizi wa usiku mmoja mjini, na chaja ndani ya mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi.